Kendwa, Jambiani au Mafia: ufukwe upi uwapeleke watoto

Shule zikikaribia kufungwa, iwe Juni au Desemba, wazazi wengi wa Dar, Morogoro na Dodoma huulizana swali lile lile: tukivuka kwenda Zanzibar na watoto, tukae wapi? Jibu wanalopewa karibu kila mara ni moja: nendeni kaskazini, Nungwi au Kendwa, kule maji hayakimbii. Ni jibu zuri kwa maharusi walio fungate. Kwa familia ni nusu ya jibu, na kwa mwenye mtoto wa miaka mitatu mara nyingi linampeleka mahali pasipomfaa.

Ninachoshikilia mimi ni kwamba ufukwe wa familia huchaguliwa kwa maji yake na kwa umri wa mtoto. Hoteli ije baadaye. Bwawa la kuogelea, vitanda vya ufukweni na kifungua kinywa cha kujipakulia utavipata pande zote mbili za Unguja. Bahari ndiyo tofauti, na tofauti yake ni kubwa mno.

Maji kwanza

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni zaidi kidogo ya saa sita. Kila siku ratiba hiyo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na kwa Unguja tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo.

Wavuvi wetu wanalijua jambo jingine ambalo kwa mzazi lina faida kuliko yote. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri na tena alasiri, kwenye saa kumi hivi, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kwenye saa nne au saa tano asubuhi unayakuta yamejaa, ingawa si sana. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kupanga likizo bila programu yoyote ya simu. Siku mbili tatu kuanzia mwezi mosi na kuanzia mwezi 15 ni bamvua. Karibu na tarehe 8 na tarehe 22 ni maji mafu.

Pwani ya mashariki, kuanzia Michamvi na Bwejuu kupita Paje hadi Jambiani, ina mwamba wa matumbawe uliosimama mbali na ufukwe, kilomita moja na zaidi sehemu nyingine. Mawimbi makubwa ya bahari kuu yanapasukia huko. Kati ya mwamba na ufukwe kuna uwanda mpana wa mchanga wenye maji ya kina kifupi, na maji yakipwa uwanda huo hubaki na vidimbwi na vijito tu. Kendwa haina uwanda huo. Ufukwe unashuka haraka, maji yanabaki karibu saa zote, na mtu mzima anaruka majini wakati anaoutaka.

Mtoto mdogo haogelei, anacheza

Mtoto wa chini ya miaka sita hana haja na maji yanayomfika shingoni. Anataka maji ya kifundo cha mguu, mchanga unaoshikana, na kitu kinachotembea cha kukifuatilia. Hayo yote yako Jambiani saa nne asubuhi ya bamvua, wakati ambapo mgeni aliyekuja kuogelea anasimama ufukweni akilalamika kwamba bahari imekimbia.

Shuka na mtoto uone. Maji yaliyosalia kwenye vidimbwi ni ya uvuguvugu na ni meupe kama kioo. Samaki wadogo wa urefu wa kidole wanakimbia kila kivuli kinapopita juu yao. Kiti cha pweza chekundu chenye vinundu kimelala juu ya mchanga, na mtoto akichuchumaa kwa muda ataona kwamba kinasogea, polepole sana, kwa mamia ya vimiguu vidogo vilivyo chini yake. Mwache akitazame kikiwa majini, kwa sababu kikitolewa nje ili kupigwa picha hakichukui muda kufa. Mbele kidogo kuna safu za vigingi vilivyofungwa kamba, na akina mama waliojifunga kanga kiunoni wameinama wakivuna mwani na kuujaza kwenye magunia. Kilimo hiki kilishika kasi Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa familia nyingi za Paje, Bwejuu na Jambiani ndicho kilicholipa ada za shule. Mwambie mtoto asikanyage kamba zile. Ni shamba la mtu. Akisalimia vizuri, "shikamoo bibi", huenda akaonyeshwa jinsi tawi la mwani linavyofungwa kwenye kamba, na hilo atalisimulia darasani kuliko hoteli yenyewe.

Uwanda huo una hatari zake, na mzazi azijue kabla hajamshika mtoto mkono kuelekea mwambani. Ya kwanza ni wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu, waliojaa kwenye majani ya bahari na mawe. Mwiba wao hukatikia ndani ya nyayo na maumivu yake hayasahauliki. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Dawa bora ni yeboyebo miguuni, zile zinazoshika kisigino, kwa kila mmoja, mtu mzima pia. Ya pili ni jua. Uwanda hauna kivuli hata kimoja, na bamvua inakutoa nje saa nne hadi saa saba, saa mbaya kuliko zote. Fulana ya mikono mirefu na kofia ni lazima. Losheni peke yake haitoshi.

Ya tatu ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu haionekani. Maji yakianza kurudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Yanajaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, karibu na ufukwe, wakati wewe bado umesimama kwenye mchanga mkavu karibu na mwamba. Ukigeuka unakuta mahali ulipopita na maji ya kifundo sasa ni ya kiuno, na kwa mtoto ni ya kichwa. Usiende mwambani na watoto bila mwenyeji anayeyajua maji, na geuza kurudi kabla maji hayajamaliza kupwa, si baada yake.

Maji yakijaa alasiri, Jambiani inakuwa bahari kamili, lakini mwamba bado unaizuia. Mawimbi yanayofika ufukweni ni madogo na kina kinaongezeka taratibu. Ndiyo maana kwa wenye watoto wadogo ninaipendekeza bila kusita, na ninaiweka mbele ya Paje. Paje ni kijiji cha vijana na michezo ya upepo. Kamba za tiara za kuteleza majini zinapita chini na kwa kasi, na mtoto anayecheza ukingoni mwa maji yuko kwenye njia yao. Bwejuu ni tulivu zaidi ya zote mbili, ila maduka na sehemu za kula ni chache.

Wakishafika miaka minane, mizani inageuka

Mtoto anayejua kuogelea atachoka na vidimbwi siku ya pili. Huyu anataka kuruka, kupiga mbizi, kushindana na ndugu yake hadi kwenye boya na kurudi. Kama ana umri huo na amezoea maji, mpeleke Kendwa. Ufukwe unatazama magharibi, mchanga ni mweupe na laini, mwani ni mchache, na jioni jua linazama baharini mbele yenu.

Nungwi na Kendwa zimepakana lakini si sawa kwa familia. Nungwi ni kijiji kikubwa chenye pilikapilika: boti za kupeleka wageni kuzamia zimepangana ufukweni, kamba za nanga zimekatiza, na rasi yenyewe ina mkondo wenye nguvu. Kendwa ina nafasi zaidi. Jambo moja la kuangalia ni kwamba kila mwezi mpevu kuna sherehe kubwa ya muziki Kendwa inayokesha. Ukipata chumba cha bei nafuu kupita kawaida wikendi ya mwezi mpevu, jua sababu. Chagua wiki nyingine, au hoteli iliyo upande wa mbali.

Hata kama watoto wanaogelea, kumbuka kwamba kule kina kinaanza karibu. Hatua chache tu na mtoto wa miaka minane hagusi chini. Zamu ya kulinda watoto majini iwe na jina la mtu, si "sote tunaangalia", kwa sababu wote wakiangalia hakuna anayeangalia. Waokoaji wa kudumu ufukweni ni wachache mno kuwategemea.

Nungwi ina mambo mawili ambayo Jambiani haina. Moja ni mafundi wa majahazi, wanaochonga na kupigilia mbao chini ya vivuli vya makuti, wakitumia tezo na keekee kama babu zao. Mtoto aliyezoea kuona vitu vikitoka dukani anasimama pale asiondoke. Jingine ni bwawa la kasa la Mnarani, karibu na mnara wa taa, lililoanzishwa mwaka 1993 na wanakijiji. Kasa walionaswa kwenye nyavu hutunzwa humo kabla ya kurudishwa baharini. Mkae pembeni muangalie. Kuingia bwawani na kuwashikashika kasa, hata pale mtu atakapowakaribisha, si fundisho zuri kwa mtoto.

Upepo unaweza kubatilisha yote hayo

Likizo ya Juni inaangukia kwenye kusi. Ni msimu mzuri, masika yamekwisha, joto limepungua, hata ndugu zetu wanaokuja kutoka Muscat kukimbia joto la kiangazi cha kule wanaufurahia. Lakini kusi inavuma kutoka kusini mashariki, yaani inaipiga Jambiani na Paje usoni. Mchanga unaruka, bahari inachafuka, mtoto akitoka majini anatetemeka. Kendwa imejificha nyuma ya kisiwa na karibu haihisi kitu. Basi Juni na Julai, hata kwa mwenye watoto wadogo, upande wa magharibi unapanda thamani. Anayetaka utulivu na kina kifupi kwa pamoja atazame Michamvi Kae: iko mashariki ya kisiwa lakini ufukwe wake umegeukia ndani, Ghuba ya Chwaka, umekingwa na kusi, na una mikoko ya kutembelea kwa mtumbwi maji yakijaa.

Desemba kusi imekwisha na kaskazi inaanza, nyepesi na yenye joto. Hapo Jambiani inarudi mahali pake. Tatizo la Desemba ni bei: kuanzia wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya hoteli nyingi hupandisha, baadhi hulazimisha siku za kukaa. Mkienda mara tu shule zinapofungwa, mwanzoni mwa mwezi, mnapata bahari ile ile kwa pesa pungufu, ingawa mvua za vuli zinaweza kuwa bado zinadondoka.

Njia, tumbo na hospitali

Boti ya kasi kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili. Msimu wa kusi mawimbi huwa na nguvu, na asubuhi mara nyingi kuna afadhali kuliko mchana. Kaeni ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako boti haichezi sana. Wapeni watoto kitu chepesi, mkate mkavu au biskuti, badala ya chai nzito na maandazi ya mafuta, na muwe na mifuko mkononi.

Kutoka bandarini, Kendwa ni kama kilomita 60 na Jambiani ni pungufu kidogo. Daladala zipo, 116 ya Nungwi na 309 ya Jambiani, lakini kwa mizigo na mtoto aliyetoka kutapika kwenye boti, kodini gari. Njia ya Jambiani ina faida ambayo ile ya kaskazini haina: inapita msitu wa Jozani. Kima punju, ambao ni wa Zanzibar pekee, wanakaa matawi ya chini kabisa, na njia ya mbao inapita katikati ya mikoko. Hifadhi hiyo iliwekwa kuwa ya taifa mwaka 2004. Mkae mbali nao kidogo na msiwape chakula. Wanaambukizwa maradhi yetu kwa urahisi.

Kwa chakula, mashariki ni rahisi zaidi kwa familia ya watu watano sita. Jambiani kuna nyumba za kupanga zenye jiko, samaki ananunuliwa kijijini mitumbwi ikirudi, nazi zipo, na mtoto asiyekula vya hotelini anapata wali na maharage yake. Kaskazini mambo mengi yamejengwa juu ya hoteli yenye milo, ambayo ni raha kwa mama aliyechoka kupika lakini bili yake ni nzito. Popote mtakapokwenda, ulizeni bei ya mkazi kabla ya kulipa. Mara nyingi ipo na haitangazwi. Wanaokuja na pasipoti za nje wakumbuke kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar inadai bima ya lazima ya safari, dola 44 kwa mtu mzima.

Mtoto akiugua, Kivunge kuna hospitali upande wa kaskazini, na Makunduchi ipo kusini, si mbali na Jambiani. Kwa jambo kubwa ni Mnazi Mmoja mjini, na kutoka pande zote mbili ni mwendo wa saa moja au zaidi. Malaria Unguja imeshuka sana kwa miaka mingi sasa, tofauti na bara, lakini chandarua kishushwe tu.

Usiku mmoja lalieni mjini, wa kwanza au wa mwisho. Forodhani jioni, watoto hujirusha baharini kutoka ukutani, na wanenu watatamani kuwa wao. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, urojo, chapati za kujaza. Chagueni kinachopikwa mbele yenu. Kesho yake kuna boti ya muda mfupi hadi Changuu, kwenye kobe wakubwa ambao kizazi chao cha kwanza kililetwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wengine wana umri kuliko babu wa mtu yeyote mnayemjua, na mtoto wa umri wowote anawapenda.

Mafia ni kwa familia iliyokwisha kukua

Mafia ninaiweka peke yake kwa sababu si mbadala wa Unguja. Ni safari ya namna nyingine. Ufukwe wa Utende, ambako nyumba nyingi za wageni ziko, si wa kujitupa majini wakati wowote. Kuna mikoko, na maji yakipwa ni tope na majani. Raha ya Mafia iko juu ya boti na chini ya maji. Hifadhi ya bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995, na mtu akiweka miwani ya kuzamia na kutazama chini anaelewa kwa nini.

Kubwa kuliko yote ni papa potwe, wanaokuja mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, anakula vijidudu vya baharini, hana shida na mtu. Likizo ya Desemba inaangukia katikati ya msimu wake. Lakini mtoto ataruka kutoka kwenye boti katikati ya bahari, hagusi chini, na kiumbe cha urefu wa daladala kinapita kando yake. Wa miaka 12 anayeogelea vizuri atakumbuka maisha yake yote. Wa miaka sita atalia, na mzazi mmoja itabidi abaki naye kwenye boti juani.

Wadogo wanapata raha yao Chole, kuvuka kwa mashua kutoka Utende: magofu yaliyofumbatwa na mizizi ya mikuyu, na popo wakubwa wanaoning'inia mchana kama matunda. Kati ya Juni na Septemba, kwenye kisiwa jirani cha Juani, vifaranga vya kasa hutoka kwenye mchanga kuelekea baharini. Mwenye watoto wadogo aliyeshikilia Mafia, basi aende Juni kwa ajili hiyo.

Ndege ndogo kutoka Dar huchukua kama nusu saa, na mzigo kwa kawaida ni kilo 15 kwa mtu. Njia ya bei nafuu ni barabara hadi Nyamisati kisha feri ya MV Kilindoni. Ni siku nzima, na kwa watoto wadogo ni ndefu. Malaria ya Mafia ichukulieni kama ya bara.

Pemba ninaipenda, msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi hasa, lakini fukwe zake ziko mbali na mahali pa kulala na usafiri ni mgumu. Isubiri watoto wawe vijana.

Kabla ya kutuma pesa

Mwenye watoto wa rika tofauti, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa kumi, ampangie mdogo. Mkubwa ataogelea Jambiani alasiri maji yakijaa. Mdogo hatapata vidimbwi Kendwa saa yoyote. Tafuteni hoteli au nyumba ya Jambiani, chagueni siku zinazoanza na maji mafu ili mkubwa apate asubuhi mbili tatu za kuogelea, kisha bamvua iwakute mdogo akiwa ameshazoea mchanga.

Piga simu mahali ulipopachagua uulize mambo ambayo picha hazionyeshi: maji yakipwa yanaondoka mpaka wapi, jaketi okozi za saizi ya watoto zipo kwenye boti zao au itabidi mje nazo, muziki wa jirani unazimwa saa ngapi, bwawa la kuogelea lina uzio au liko wazi mbele ya mlango wa chumba. Akijibu haraka haraka "hakuna shida" kwa yote manne, mwombe akupe mtu anayefanya kazi ufukweni uongee naye.